Sikio linavyosaidia maumivu ya kizazi, na mahali msaada wake unapoishia

Mwanamke wa Mombasa anayekwenda kuwekewa koili huwa ameshaambiwa mambo mawili kabla hajapanda kitandani. La kwanza hutoka kwa mhudumu: "Utasikia kubanwa kidogo tu, mamangu, dakika tano tumemaliza." La pili hutoka kwa dada, jirani au somo wake: jikaze. Kati ya maneno hayo mawili, swali la msingi hubaki bila kuulizwa. Maumivu haya yanatokea wapi, na kuna nini cha kuyapunguza?

Siku hizi limeingia jibu ambalo limewachanganya wengi. Wapo wanaosema kwamba ukibandikwa punje ndogo sikioni, au ukichomwa visindano vifupi kwenye nukta fulani za sikio, kuwekewa koili au kusafishwa kizazi hakuumi tena. Wapo wanaolipuuza jambo lote na kuliita uganga wa Kichina. Nimesoma yaliyoandikwa na watafiti na nimewasikiliza wanawake waliopitia taratibu hizi, na naona kila upande umeshika kipande cha habari ukadhani ndiyo habari yote. Jambo lenyewe linastahili kufumuliwa taratibu, kwa sababu linahusu maumivu ambayo wanawake wengi wameyabeba kimya.

Inabidi kuanza na kizazi. Mji wa mimba una njia mbili tofauti za kupeleka habari za maumivu kwenye ubongo. Sehemu yake ya juu hupeleka habari kwa mishipa ya fahamu inayoingia kwenye uti wa mgongo kati ya pingili ya kumi ya kifua na ya kwanza ya kiuno. Ndiyo maana maumivu ya hedhi husikika chini ya kitovu na kuzunguka hadi kiunoni. Mlango wa kizazi una njia nyingine: mishipa yake huingia chini kabisa, kwenye pingili ya pili hadi ya nne za mfupa wa nyonga ulio nyuma, juu ya kitako. Maumivu yake ni makali, ya kuchoma au kubana ghafla, na mara nyingi mwanamke anashindwa hata kueleza yametokea wapi.

Sasa fikiria hatua za kuwekewa koili. Kwanza huingizwa kile kifaa cha kufungua uke, ambacho kwa wengi ni usumbufu zaidi kuliko maumivu. Halafu mlango wa kizazi hushikwa kwa koleo ndefu ili usisogee. Hapo ndipo mchomo wa kwanza husikika. Kisha kijiti cha kupima urefu hupita kwenye mlango na kugusa dari ya kizazi, na tumbo lote hukakamaa. Mwisho koili yenyewe huingia, na mkakamao hurudi. Hizo ni aina mbili za maumivu kutoka njia mbili, ndani ya dakika chache. Kusafishwa kizazi kwa bomba la mkono baada ya mimba kuharibika ni vivyo hivyo, ila mkakamao ni mrefu na mkali zaidi, kwa kuwa kizazi hujikunja kadiri kinavyomwagwa. Kukatwa kinyama cha uchunguzi, kupigwa picha ya mirija kwa dawa inayosukumwa kupitia mlango wa kizazi, kuingizwa kamera: zote zinapita mlango huohuo.

Kila dawa ina sehemu yake ya kazi. Sindano ya ganzi inayochomwa pembeni mwa mlango wa kizazi hutuliza zaidi maumivu ya mlango. Mkakamao wa sehemu ya juu haifiki vizuri. Ibuprofeni, ambayo wengi tunaiita Brufen, hupunguza prostaglandini, yaani kemikali zinazofanya kizazi kijikunje, lakini ni lazima imezwe mapema, karibu saa moja kabla. Ukipewa ukiwa tayari umelala kitandani, faida yake utaipatia njiani kurudi nyumbani.

Halafu kuna hofu. Mwanamke aliyekaa foleni tangu asubuhi akisikiliza mwenzake akilia nyuma ya pazia anaingia akiwa amekaza misuli yote, mapaja hadi taya. Aliyewahi kulazimishwa kimwili anaingia na mzigo mkubwa zaidi. Hofu hupandisha maumivu kweli kweli, kwa sababu ubongo wenye hofu hufungulia habari za maumivu njia pana zaidi. Nalitilia mkazo hili kwa sababu ndilo litakalotusaidia kuelewa sikio.

Wengi wanadhani ile ramani ya sikio inayobandikwa kwenye kuta za kliniki, yenye vitone na majina ya viungo, ni urithi wa China ya kale. Ilitoka Ufaransa. Katika miaka ya 1950, daktari mmoja wa mji wa Lyon, Paul Nogier, aliwaona wagonjwa wenye kovu dogo la kuchomwa sehemu ileile ya sikio. Walimweleza kwamba mganga wa kienyeji aliwachoma hapo ili kuwaponya maumivu ya kiuno yanayoshuka mguuni, na kwamba walipata nafuu. Nogier alianza kujaribu mwenyewe, akachora ramani iliyolifananisha sikio na mtoto aliye tumboni kichwa chini: ndewe ndiyo kichwa, na ukingo wa kati ndio uti wa mgongo. Aliitangaza ramani hiyo mwaka 1956 na ikachapishwa mwaka uliofuata. Muda mfupi baadaye ikafika China, ambako waganga walikuwa na tiba ya sindano ya maelfu ya miaka, lakini hawakuwa na ramani kamili ya sikio ya namna hiyo. Wakaipokea, wakaongeza nukta zao na majina yao, na kile kishimo cha pembe tatu kilicho sehemu ya juu ya sikio wakakipa viungo vya nyonga, kizazi kikiwemo. Mwaka 1990 Shirika la Afya Duniani lilifanya kikao Lyon kwenyewe ili kuyaweka sawa majina yaliyokuwa yamezagaa.

Kwa hiyo anayekuambia kwamba tiba hii imethibitishwa kwa miaka elfu tatu hasemi sahihi, na anayeitupa kwa kuwa ni ya Kichina hajui anachokitupa. Sisi wa Pwani tumezoea hijama na kuumikwa, tumezoea kukandwa baada ya kujifungua, na tunaelekea kukubali haraka chochote kinachogusa mwili na kuleta nafuu. Hilo si baya. Lakini kila tiba inapaswa kuulizwa maswali yake yenyewe.

Na hapa kuna maswali mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza: je, ramani ni ya kweli, yaani kuna nukta moja sikioni iliyofungamana na kizazi na nyingine na goti? La pili: je, kugusa sikio kunapunguza maumivu? Mtu anaweza kujibu la pili kwa ndiyo huku la kwanza akiliachia mashaka, na huo ndio msimamo wangu.

Ramani ya mtoto kichwa chini haina msingi unaojulikana katika maumbile ya mwili. Hakuna mshipa unaotoka kwenye kishimo cha pembe tatu kwenda moja kwa moja kwenye kizazi. Lakini sikio lina utajiri wa mishipa ya fahamu usioonekana mahali pengi mwilini. Sehemu ya mbele hupata mshipa kutoka kwenye neva ya uso inayoleta pia habari za meno na taya. Ndewe na sehemu kubwa ya ukingo hupata mishipa kutoka shingoni. Na bakuli la ndani la sikio, karibu na tundu, hupata tawi la vagasi, ile neva ndefu inayotoka kwenye shina la ubongo na kushuka hadi moyoni, mapafuni na tumboni. Huenda umeshalishuhudia tawi hilo bila kulijua: kuna watu ambao wakisafisha sikio kwa kijiti cha pamba hushikwa na kikohozi. Ni vagasi imeguswa.

Vagasi inafika mbali kuliko ilivyodhaniwa zamani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Rutgers nchini Marekani, Barry Komisaruk na Beverly Whipple, walifanya kazi na wanawake ambao uti wao wa mgongo ulikuwa umekatika kabisa kwa ajali. Kwa elimu ya vitabu, wanawake hao hawakupaswa kuhisi chochote kutoka kwenye mlango wa kizazi. Walihisi. Picha za ubongo zilizotangazwa mwaka 2004 zilionyesha eneo linalopokea habari za vagasi likiwaka wakati mlango wa kizazi unapoguswa. Maana yake vagasi hupita nje ya uti wa mgongo na kuleta habari za kizazi kwa njia yake. Hiyohiyo ndiyo inayofanya baadhi ya wanawake mapigo ya moyo yashuke, watoke jasho la baridi na kuzimia koleo linaposhika mlango. Sikio na mlango wa kizazi, basi, kweli vinakutana, ila vinakutana kwenye shina la ubongo, mbali sana na mchoro wa ukutani. Kama makutano hayo ndiyo yanayoleta nafuu, bado ni dhana. Ni dhana yenye miguu, lakini.

Kuna maelezo mengine mawili yenye ushahidi wa muda mrefu. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kwamba uti wa mgongo una aina ya lango: habari za mguso zikijaa, habari za maumivu hupita kwa shida. Ndiyo sababu mtoto akigonga goti mama hulisugua bila kufundishwa na mtu. Baadaye ikaonekana kwamba sindano za tiba huufanya mwili utoe endofini, dawa yake wenyewe ya maumivu. Mwaka 1977 David Mayer na wenzake walionyesha kwamba ukimpa mtu naloksoni, dawa inayozuia kazi ya afyuni na jamaa zake, nafuu ya sindano hupungua.

Mwaka uliofuata watafiti wengine wakaonyesha jambo lililowatia watu mawazo zaidi: waliong'olewa meno wakapewa dawa bandia na kupata nafuu, nafuu yao nayo ilizuiwa na naloksoni. Matarajio peke yake yanaweza kufungua duka la dawa la mwilini. Kwa hiyo mtu akisema "hayo ni mawazo yako tu" anasema neno kubwa kuliko anavyojua. Mawazo hutoa kemikali, na kemikali hupunguza maumivu. Hata hivyo hatuwezi kuishia hapo, kwa kuwa mwanamke ana haki ya kujua kama kinachomsaidia ni punje, ni mkono wa anayembandika, au ni robo saa ya kukaliwa na kusikilizwa.

Ndipo majaribio yanapohitajika. Lililo karibu kabisa na mada yetu lilifanyika New York na kuchapishwa mwaka 2019. Wanawake 153 waliokuwa wanatolewa mimba changa kwa kunyonywa kizazi waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi matatu. Wote walipewa ibuprofeni na ganzi ya mlango wa kizazi. Kundi moja liliongezewa akupancha ya sikio, yaani tiba ya visindano, jingine likawekewa tiba bandia iliyofanana nayo, la tatu halikuongezewa kitu. Waliulizwa kiwango kikubwa kabisa cha maumivu waliyoyasikia, kwa kipimo cha 0 hadi 100. Alama ya katikati ya kundi la akupancha ilikuwa 39.5. Ya kundi la tiba bandia ilikuwa 70, na ya kundi la tatu 71.

Tofauti ya alama 30 ni kubwa sana katika utafiti wa maumivu, na kinachonivutia zaidi ni kwamba tiba bandia haikusaidia chochote. Lakini zisome namba hizo kwa makini. Alama ya katikati maana yake nusu ya wanawake walikuwa juu yake. Kwa hiyo nusu ya waliopata akupancha bado walisikia maumivu yaliyozidi 39.5, na hao ni wanawake waliokuwa wamepewa ganzi na ibuprofeni pia. Hakuna aliyeahidiwa kwamba hatasikia kitu. Na ni jaribio moja, katika mji mmoja.

Timu yenye uhusiano na hiyo ilijaribu tena, mara hii kwa wanawake waliotumia vidonge vya kutoa mimba, ambao maumivu yao huja nyumbani na kudumu kwa saa nyingi. Wengine walibandikwa vitu vya kubonyeza sikioni, wengine walichomwa visindano. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021, na nafuu haikuonekana. Wanaotangaza tiba hii hulitaja jaribio la kwanza na kulisahau la pili. Mimi naona ni lazima yasomwe pamoja, kwa sababu yakikaa pamoja yanatuelekeza. Maumivu ya dakika chache, yenye mwanzo na mwisho unaojulikana, yaliyotanguliwa na hofu kubwa, yaelekea yanaguswa na sikio. Maumivu ya kizazi kinachojikunja usiku kucha yanahitaji dawa yenye nguvu zaidi. Hiyo ni hukumu yangu kutokana na majaribio machache, lakini inalingana na mengine. Kule Vienna mwaka 2006, wanawake 94 waliokuwa wanatolewa mayai kwa ajili ya kupandikizwa mimba walichunguzwa. Waliowekewa sindano za sikio zenye umeme mdogo walipata nafuu zaidi na walitumia dawa kidogo ya maumivu kuliko wenzao. Ujerumani mwaka 2007, watu 120 waliopasuliwa goti kwa upasuaji mdogo wa kurudi nyumbani siku hiyohiyo walifuatiliwa: waliowekewa sindano kwenye nukta halisi walitumia ibuprofeni miligramu 500 kwa alama ya katikati, wenzao wakatumia 800.

Upande wa pili kuna jaribio la mwaka 1984 ambalo halipaswi kufichwa. Melzack yuleyule wa nadharia ya lango, akiwa na Joel Katz, aliwatibu kwa umeme wa sikio watu 36 wenye maumivu sugu. Nukta zinazotajwa na ramani hazikufanya kazi kuliko nyingine, wala umeme haukushinda umeme bandia. Mtu mwenye maumivu ya mgongo ya miaka, au ya hedhi ya kila mwezi yanayomlaza kitandani, asijengewe matumaini kwa matokeo ya dakika tano za kliniki.

Tukija kwenye vitendo, kuna namna mbili na tofauti yake ni kubwa kwa usalama.

Visindano vinachoma ngozi. Daktari wa Jeshi la Anga la Marekani, Richard Niemtzow, alitunga mwaka 2001 utaratibu wa nukta tano kwa ajili ya maumivu, ambapo visindano vidogo huachwa sikioni kwa siku tatu au nne mpaka vidondoke. Huo ndio umesambaa zaidi. Lakini sehemu kubwa ya sikio ni gegedu, na gegedu halina damu nyingi. Kiini cha ugonjwa kikiingia humo, mwili hupata taabu kukifukuza, na sikio linaweza kuharibika umbo moja kwa moja. Kisindano kilichotumiwa kwa mtu mwingine kinaweza kuleta homa ya ini au virusi vya ukimwi. Kwa hiyo sharti ni moja na halina mjadala: kisindano kipya, kifunguliwe mbele yako, na anayekitia awe amefunzwa. Mahali ambapo hijama na sindano za sikio hufanywa meza moja, uliza vyote viwili vinatupwa wapi baada ya kutumika. Mwenye kisukari, anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, au mwenye tatizo la valvu za moyo aachane na visindano mpaka azungumze na daktari wake.

Kubonyeza hakutobi. Hutumika punje ndogo nyeusi za mmea unaoitwa vakaria, au vigololi vidogo vya chuma, vikiwa vimebandikwa kwenye vipande vya plasta. Nukta zinazochaguliwa mara nyingi kwa taratibu za kizazi ziko kwenye kile kishimo cha pembe tatu cha juu, pamoja na nyingine iliyo ndani ya kinundu kilicho mkabala na kile kinachoziba tundu la sikio. Hubandikwa kabla ya utaratibu kuanza, na mgonjwa mwenyewe au msaidizi huzibonyeza kwa vidole, kila moja kwa dakika hivi, mpaka sikio lipate joto na kuuma kidogo. Utaratibu ukiendelea, mgonjwa anaendelea kubonyeza. Hii nayo ina faida ambayo hakuna kipimo kinachoiandika vizuri: mikono ya mwanamke inapata kazi, naye anakuwa mshiriki katika kinachofanywa badala ya kulala akisubiri.

Kwa hali ya hapa kwetu yapo mambo ya kuangalia ambayo vitabu vya Lyon na New York havikuyawaza. Joto la kaskazi na jasho lake hulegeza plasta na kuifanya ngozi iliyo chini yake iwe teketeke, kwa hiyo siku mbili zinatosha. Usikae nazo hadi tano. Anayetawadha hupangusa masikio kwa maji kila anapotia udhu, na plasta yenye maji ndani yake ni makazi mazuri ya vijidudu. Ikilowa, iondoe. Anayevaa hijabu ana haki ya kuomba mhudumu wa kike na pazia la kufunga, na asiibane hijabu juu ya punje kiasi cha kulala nazo zikichimba. Wenye matundu mengi ukingoni mwa sikio, kama ilivyo kawaida kwa bibi na shangazi zetu, waepuke kuweka punje karibu na tundu bichi au kovu lililovimba. Na mjamzito anayetaka kuitunza mimba yake asibonyezwe nukta za kizazi kwa majaribio ya nyumbani.

Jambo linalonitia wasiwasi kuliko yote ni jinsi tiba hii inavyoweza kutumiwa vibaya na walio na nia njema. Punje ni rahisi. Ganzi inahitaji dawa, sindano, mtu aliyefunzwa na dakika za kungoja ishike. Kliniki yenye foleni hadi barazani inaweza kushawishika kubandika punje na kuiacha ganzi. Huko kutakuwa kuwadhulumu wanawake kwa jina la tiba mbadala. Jaribio la New York, ambalo ndilo nguzo ya madai yote, lilimpa kila mwanamke ganzi na ibuprofeni kwanza. Wahenga wetu walishasema masikio hayapiti kichwa.

Na dunia inaelekea kukubali kwamba maumivu haya yamedharauliwa kwa muda mrefu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2022 unataka dawa ya maumivu itolewe kama kawaida katika kusafisha kizazi, pamoja na ganzi ya mlango. Agosti 2024, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, CDC, iliwaelekeza wahudumu wazungumze na kila mwanamke kuhusu maumivu kabla ya kumwekea koili, na ikaitaja ganzi ya lidokeini, ya sindano au ya kupaka, kuwa huenda ikasaidia. Mwanamke wa Kisauni au Likoni anapoomba ganzi, basi, haombi anasa.

Kuomba kwenyewe kuna wakati wake, na wakati huo ni siku ya kupangiwa miadi, kabla hujavua nguo. Unaweza kusema hivi: "Sista, nataka tuzungumze habari ya maumivu kabla ya siku yenyewe. Nimeze nini na saa ngapi? Mnachoma ganzi kwenye mlango? Na nikiwaambia msimame, mtasimama?" Mwambie kama hujawahi kuzaa kwa njia ya kawaida, kama uliwahi kuzimia, kama una pumu, vidonda vya tumbo au ugonjwa wa figo, maana hapo ibuprofeni huenda isikufae na dawa nyingine itafutwe. Ukiwa na punje sikioni, mwoneshe; hakuna sababu ya kuzificha. Nimesikia kwa wanawake kadhaa kwamba walipouliza hivyo walijibiwa kwa ukali. Wapo pia waliojibiwa vizuri, wakapewa dawa mapema, na mhudumu akawashika mkono. Tofauti ya wahudumu hao wa aina mbili hubaki kwenye kumbukumbu ya mwanamke miaka mingi, na ndiyo huamua kama atarudi kupimwa saratani ya mlango wa kizazi au hatarudi. Kwa nchi ambayo saratani hiyo inaua wanawake wengi kiasi hiki, hilo peke yake linatosha kuyapa maumivu uzito.

Usije peke yako kama unaweza. Mtu wa kukubonyezea sikio, kukuhesabia pumzi na kukupeleka nyumbani kwa tuktuk ana kazi ya kweli siku hiyo.

Baada ya utaratibu, mkakamao wa siku moja au mbili unaopungua kwa dawa ni wa kawaida, na ukitaka kuendelea kubonyeza sikio kwa muda huo hakuna ubaya. Maumivu yanayozidi kila saa ni habari nyingine. Homa, uchafu wenye harufu mbaya, kizunguzungu cha kuanguka, au damu inayojaza pedi mbili kwa saa kwa saa mbili mfululizo: hizo ni dalili za kizazi kilichopata ugonjwa, kilichotobolewa au kilichobakiza kitu ndani, na hakuna nukta ya sikio inayozitibu. Hapo usikae ukibonyeza ukingoja kupambazuke. Nenda hospitali saa hiyohiyo, ukaeleze ulifanyiwa nini na siku gani.